Maua Mekundu Chini ya Kamba ya Nguo

"Mama, weka jembe chini!"

Mama mkwe aliduwaa, jembe likiwa hewani. Mke wa mwanawe, ambaye ofisini walimbandika jina la Ramani, alikuwa amepiga magoti chini ya kamba ya nguo, anacheka.

"Magugu tu hayo, mwanangu. Kishonanguo, mbegu zake kunasa kwenye nguo tu."

"Kishonanguo cha maua mekundu, mama! Kile nilichokiona kilimani!"

Hapo mama mkwe akashusha jembe. Nyumba nzima iliijua kadhia ile. Kazi ya Ramani ilikuwa kuchora magugu yanaota wapi na yanasambaa kuelekea wapi, na mwaka jana alileta kutoka kilimani mmea ambao wenzake hawajawahi kuuona. Kwa kiherehere cha furaha akaubana kwenye magazeti ukauke, bila kuandika rangi ya ua. Kwa mtu wa kazi ile, hayo ni sawa na mpishi kusahau chumvi. Ua likakauka likawa kahawia, kilima kikalimwa chote, na wenzake, wasioamini uwekundu ule, wakapata cha kuchekea. Leo hii mkuu wa idara alikuwa aifute kwenye ramani alama ya mmea ule wa kilimani.

Ramani akampigia mkuu simu. "Njoo sasa hivi, mkuu, kabla hayajanyauka!"

Mkuu alifika amenuna, akainama, uso ukamkunjuka. "Ama kweli, mekundu! Lakini nitajuaje yametoka kilimani? Wewe huzurura kila mahali."

Mama mkwe akadakia.

"Suruali yake mpya ilichanika huko huko kilimani, siku ya kwanza kuivaa. Mbegu zilizoinasa nilizikung'utia hapa, suruali nikaifanya tambara la kudekia. Haijatembea kwingine, labda jikoni!"

Mkuu alicheka hadi akashika mbavu. "Alama ya kilimani inabaki," akasema, akamkabidhi Ramani karatasi na kalamu. "Sasa weka ya pili. Hapa."

Ramani alitamani kurukaruka. Kisha kalamu ikasita. Kando ya kila alama huandikwa kilichouleta mmea: upepo, maji, ndege. Kilimani haupo tena. Umebaki hapa uani tu, na si upepo uliouleta. Kwa furaha akaandika: *Mimi.*

Mama mkwe akachungulia begani kwake. "Na mimi je? Nani aliyekung'uta?"