Vidole Vinne Kutoka Sakafuni

Nimemdanganya mtu mmoja tu kwa maana ya kumdanganya, naye ni Addy Canul. Uongo wenyewe sikuusema, niliufanya kwa mikono. Nikikumbuka napandwa na hasira hadi leo. Kwanza namkasirikia yeye, halafu daktari, halafu wanangu, na mwisho nafika kwangu mwenyewe, na hapo sipapendi hata kidogo.

Naitwa Landy Poot. Nasuka bembea za kulalia hapa Tixkokob, mji wetu mdogo, kama mama yangu alivyosuka. Nyumbani kwangu hakuna kitanda. Kila mtu analala kwenye bembea yake ya nyuzi: kulabu mbili ukutani, kamba mbili, basi. Addy ni mama wa ubatizo wa mwanangu wa kwanza, na ni shoga yangu tangu tuna meno ya utoto. Anauza nyama ya nguruwe ya kukaanga sokoni. Ana karai kubwa, unaweza kumwogeshea mtoto humo, na mafuta yanachemka tangu asubuhi mapema hadi mchana, naye amekaa pembeni kwenye kigoda na mwiko wake mrefu.

Sote wawili ni wanene. Sitafuti neno la heshima, wanene ni wanene. Na mwaka jana, mwezi uleule mmoja, sote wawili tulipimwa hospitalini, jijini Mérida, tukaambiwa tuna ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Unakoroma, mara kimya, pumzi imekwama, unagutuka kama mtu aliyekabwa koo, unalala tena, na mchezo unaanza upya. Usiku kucha. Asubuhi unaamka umechoka kuliko ulivyolala, na mchana unasinzia popote ulipo. Mimi nilikoroma kanisani, padri akasimamisha mahubiri. Wanangu walicheka wiki nzima. Mtu na akili zake anamchekaje mama yake anayekosa pumzi?

Daktari alikuwa kijana mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Alimuuliza Addy anafanya kazi gani. Addy alipomwambia, yule kijana aliweka kalamu chini.

"Mama, sikiliza," alisema. "Mashine hii ya pumzi uvae kila usiku. Kila usiku. Na upunguze kilo kumi na tano. Usipofanya hivyo, siku moja utasinzia mbele ya hayo mafuta, na hatutakuwa na la kukusaidia."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe vilevile."

Akatupatia karatasi ya vyakula. Samaki gani sijui, ambaye hajawahi kupita Tixkokob hata kwa kupotea njia. Mtindi usio na sukari. Majani. Alituambia tule kidogo, eti, kama vile katika miaka hamsini hakuna aliyewahi kutuambia! Nilitaka kumrushia ile karatasi usoni. Addy akanishika mkono.

Kwenye basi la kurudi alilia. "Landy, mimi sina kazi nyingine. Nikiacha karai nile nini?"

"Hutaacha karai," nikamwambia. "Tutapungua. Wewe na mimi. Ukilegea nakutukana, nikilegea unitukane."

"Utanitukana vizuri?"

"Kwani lini nimewahi kukutukana vibaya?"

Akacheka, makamasi yanamtoka. Hivyo ndivyo tulivyoanza.

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa barabarani, tunatembea hadi kwenye bomba la moshi la shamba la zamani la mkonge, na kurudi. Soda tuliziacha. Chapati za mahindi tulihesabu tatu kwa mlo, na tulikuwa tunapigiana simu kuulizana. "Ngapi?" "Tatu." "Apa." "Haki ya Mungu." "Apa kwa mama yako." "Nne, mbwa wee." Tulitukanana, tukacheka, tukatembea.

Mashine nazo zilikuwa na vituko vyake. Aliyezitengeneza anadhani dunia nzima inalala kitandani. Kwenye bembea lile bomba la mpira linakuzunguka shingoni. Mimi nilisuka kitanzi cha uzi, nikalifunga bomba kwenye kamba juu ya kichwa, mashine nikaiweka juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikaenda kwa Addy nikamfanyia hivyohivyo. Asubuhi tulikutana, kila mtu na mistari ya barakoa ya mashine mashavuni, tukajua hakuna aliyeivua.

Tatizo lilikuwa mizani. Hapa mzani wa watu uko duka la dawa, mlangoni kabisa, na yule binti wa kaunta akiona namba anaitangaza kama namba za bahati nasibu. Addy alisema afadhali afe. Basi nikawaza: si ninazo bembea? Nikatundika moja chumbani kwangu, mpya, uzi mzuri. Kila Jumatatu, siku ambayo Addy haendi sokoni, saa nne asubuhi, kabla mji haujaanza kunukia maharage na nyama ya nguruwe, maana Jumatatu hapa kila jiko linapika hicho na si kingine, mmoja analala ndani na mwenzake anapiga magoti, anapima kwa vidole nafasi kati ya tumbo la bembea na sakafu. Mtu akipungua, bembea inapanda. Siku ya kwanza mimi nilikuwa vidole vitano. Addy vinne.

Wiki ya pili, vinne. Wiki ya tatu, vinne. Ya nne, vinne. Ya tano alilala mle, akafumba macho, akauliza, "Vingapi?"

"Vinne," nikasema.

Hakuinuka. Alibaki humo amefumba macho, na mikono yake, ile mikono yenye alama za cheche za mafuta, ameifumbata tumboni. "Basi," alisema. "Nimetembea mpaka miguu imevimba. Nimeota soda, Landy, naota soda! Basi. Naenda nyumbani kula maharage yangu, na ile mashine nairudisha. Mungu akinitaka anajua ninapokaa."

Nilimtukana. Nilimtukana vizuri kama nilivyoahidi. Haikusaidia kitu. Alivaa viatu akaenda.

Nitawaambia nilichofanya, na msinitazame hivyo. Jumatatu iliyofuata, baada ya mimi kumwomba wiki nzima aje mara ya mwisho tu, nilipanda kigoda kabla hajafika, nikafungua fundo, nikaivuta kamba, nikafunga tena. Mikono yangu inaifanya kazi hiyo bila kuniuliza. Vidole viwili juu.

"Sita," nikamwambia.

Alinyanyua kichwa. "Sema tena."

"Sita, bibi wee! Umeziba masikio?"

Addy aliruka kutoka kwenye bembea ile kama msichana. Alinikumbatia, akanizungusha, tukaangusha ndoo. Kesho yake saa kumi na moja kasorobo alikuwa mlangoni kwangu anagonga. Nikasema moyoni, Landy, umefanya jambo jema.

Kwa upande wangu, kwa kuwa bembea ni hiyohiyo, niliapa nitatoa vidole viwili kila nikipimwa. Wiki ya kwanza nilivitoa. Ya pili vilevile. Halafu Addy akawa anapiga kelele, "Saba! Shoga, saba!" na mimi nikawa napenda kuisikia saba. Nikaacha kutoa. Na kila Addy alipoanza kukunja uso, nilipanda kigoda. Mara ya pili. Mara ya tatu. Ndani ya miezi mitatu Addy alikuwa vidole tisa, na mimi naringa mtaani kwamba nimekwisha kuwa kijiti. Msusi wa bembea, nimedanganywa na bembea, na fundo nililifunga mwenyewe!

Halafu nikaanza kuona mashavu ya Addy asubuhi hayana mistari.

"Barakoa umeiweka wapi?"

"Nililala ubavu," alisema, akaongeza mwendo.

Nililiona na nikalinyamazia. Ningemuuliza vizuri, ningelazimika kusema.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Nilikuwa kwenye fremu yangu nasuka, nikamwona mwanangu mdogo anakuja mbio kutoka sokoni, na uso wake sijawahi kuuona hivyo. "Mama. Mama Addy. Karai."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mwiko mkononi. Wauza matunda wa pembeni wanasema kichwa kilimshuka taratibu, wakafikiri anatazama nyama. Halafu mwiko ukateleza na mkono ukaufuata. Mkono wa kulia, hadi juu ya kiwiko. Kama kigoda kingeegemea kidogo tu upande wa pili, ungekuwa uso.

Nilimkuta kwenye zahanati, amefungwa bandeji kuanzia vidole hadi bega. Woga wangu wote uligeuka hasira palepale mlangoni.

"Mashine iko wapi?" nikamfokea. "Addy! Nakuuliza, mashine iko wapi?"

"Juu ya kabati," alisema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Juu ya kabati! Unalala uchi wa pumzi, halafu unakwenda kukaa mbele ya mafuta! Nani alikuambia uvue? Nani?"

"Si nimepungua," akasema. "Vidole tisa. Nikasema nimepona, inatosha."

Nesi alikuwa anakunja mataulo, akaacha.

"Wamenipima hapa," Addy akaendelea, ananitazama. "Kwa mzani, ili wajue dozi. Kilo moja na nusu, Landy. Miezi mitatu yote, kilo moja na nusu. Nikamwambia nesi mzani wako mbovu, mimi nina vidole tisa. Akanicheka." Akavuta pumzi. "Bembea yako ina nini?"

Ningeweza kusema uzi umekaza. Uzi mpya hukaza, kila mtu anajua. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Nilivuta kamba," nikasema.

"Mara moja?"

"Mara tatu."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alisema, "Nilikuomba unitukane. Sikukuomba unionee huruma." Halafu akageuzia uso ukutani. "Toka. Nesi, mtoe huyu."

Nikatoka. Njia nzima nilikuwa nasema peke yangu kama kichaa. Nilimkasirikia, ndiyo! Mtu mzima unavua mashine kwa sababu ya vidole? Daktari alikuambia kila usiku, hakusema mpaka Landy apime! Nikafika nyumbani, wanangu wakauliza anaendeleaje, nikawafukuza wote uani. Nikapanda kigoda nikafungua lile fundo nililolifunga mara tatu, nikarudisha kamba pale ilipokuwa siku ya kwanza, penye alama ya kutu ya kulabu. Nikalala ndani. Nikamwita mwanangu mkubwa apime.

"Vitano, mama."

"Pima tena."

"Vitano."

Hakucheka. Hiyo ndiyo siku niliyojua mambo yameharibika, kwa sababu yule huacha kucheka akiwa na hofu tu.

Wiki tatu Addy hakupokea simu yangu. Nilipeleka mchuzi wa kuku, mkwewe akaurudisha kwenye sufuria ileile, haujaguswa. Alfajiri nilitembea peke yangu hadi bomba la moshi, natukana mawe. Usiku nilivaa barakoa. Chapati tatu, na hakuna wa kunipigia kuniuliza ngapi. Sikujua kimya kinaweza kumuudhi mtu kiasi kile.

Jumatatu ya nne, saa nne kamili, mlango ulisukumwa bila hodi. Addy. Mkono umening'inia kwenye kitambaa shingoni. Mashavuni ana mistari miwili ya barakoa, mirefu, mibichi.

Nikasema upumbavu. "Umechelewa wiki tatu."

"Funga mdomo wako."

Alipita moja kwa moja hadi chumbani. Akaiteremsha bembea kutoka kwenye kulabu, akaanza kuifunga upya mwenyewe, kwa mkono wa kushoto na meno. Nilinyanyuka nimsaidie.

"Kaa hapo! Ukigusa kamba hii nitakuchemsha kwenye karai langu, naapa kwa mama yangu. Mkwe wangu ndiye anakaanga sasa, ananiharibia nyama, kila siku ananiharibia nyama, na mimi nimekaa nyumbani natazama! Kwa sababu yako!"

"Na kwa sababu yako," nikasema. "Mashine niliiweka mimi juu ya kabati?"

Alinigeukia na kamba mdomoni. Nilidhani atanipiga kwa ule mkono mzima. Alitema kamba.

"Na kwa sababu yangu," akasema. "Haya, lala."

Nikalala. Alipiga magoti kwa shida, anaguna. "Vitano. Kijiti!" Nikaimeza kejeli hiyo.

Kisha akalala yeye. Nilipiga magoti, nikaweka kiganja sakafuni. Sakafu ilikuwa baridi. Nilihesabu, nikahesabu tena. Juu yangu, kupitia nyuzi, nilisikia anapumua, na bandeji yake ilinukia dawa. Jirani maharage yalikuwa yameanza kuchemka.

"Vingapi?"

"Vinne."

"Vinne na nusu?"

Kamba ilikuwa hapo, karibu na bega langu. Nusu kidole tu. Mikono yangu ingeweza.

"Vinne," nikasema. "Hakuna hata nusu, Addy."

Bembea ilitikisika kidogo, nikajua analia, na sikumwambia neno lolote tamu.

"Chapati ngapi jana?" akauliza mwishowe.

"Nne."

"Mbwa wee," alisema. "Kesho saa kumi na moja. Ukichelewa nakuacha."