Mkono wa Kulia

Vumbi la Kambu halina adabu. Likiamshwa na lori la Mombasa halibishi hodi: linaingia kibandani, linakaa juu ya machungwa, juu ya mapapai, juu ya kope zako, mwanangu, na jua la asubuhi likilipiga linang'aa, utadhani ni kitu cha thamani. Ndani ya vumbi hilo, mbele ya macho yangu, ulikula kwa mara ya kwanza.

Hukulishwa. Ulikula. Naiweka tofauti hiyo hapa mwanzo, maana ndiyo iliyonitia vitani.

Nesi wa kliniki alikuwa ameniambia: akishaweza kukaa bila kuegemezwa, akianza kukodolea sahani yako macho, mkatie kipande laini cha urefu wa kidole, mwekee mbele, kaa karibu, nyamaza. Usimsukumie kinywani. Nikakata papai lililoiva vizuri. Nikaliweka kwenye sinia lako. Nikanyamaza, mimi ambaye kunyamaza sijapewa.

Ukalitazama, umekunja uso. Likakuteleza, ukalifuata. Likaanguka, ukalisaka. Ukalifinya mpaka maji yakakutiririka kwenye kiwiko, na kilichobaki ukakifikisha mdomoni, ukakinyonya, ukakohoa, macho yakakutoka, moyo wangu ukaruka. Kisha ukacheka, ukanyoosha mkono kutaka kingine. Abiria mmoja aliyekuwa akinunua machungwa dirishani mwa basi alikupigia makofi.

Mkono ulionyoosha ulikuwa wa kushoto. Mimi sikuona kushoto. Niliona mkono, na mkono ulikuwa wako.

Kisha akaja susu yako, mama ya baba yako, kutoka Kabati, na mfuko wa ndengu na kuku aliyefungwa miguu. Alikuja kukaa nawe ili mimi nishinde kibandani, maana vumbi lilikuwa limekuingia kifuani na nesi alikataza nisikubebe tena barabarani. Mkono mmoja haulei mwana, majirani waliniambia, shukuru umepata wa pili. Nikashukuru. Nilishukuru kwa moyo wangu wote.

Wewe ni jina lake. Kwetu binti wa kwanza humrudisha mama ya baba, kwa hiyo yeye ni Kanyiva na wewe ni Kanyiva, na mimi mkaza mwana siwezi kulitamka jina hilo kwa ukali bila nyuso mbili kugeuka. Mchana akikubeba mgongoni na kukuimbia nyimbo za kanisa, mlikuwa mtu mmoja. Sitasema uongo kwa sababu ya hasira: anakupenda, na wewe unampenda.

Lakini alipokuona ukila mara ya kwanza, aliweka kikombe chini.

"Ngai! Huyu mtoto anakula na kushoto na wewe unaangalia tu?"

"Bado ni mdogo, mwaitu, mama yangu. Anajifunza."

"Anajifunza nini? Mkono ya kula ni ile ya kulia. Si ndio maana inaitwa ya kulia? Samaki mkunje angali mbichi."

Samaki! Sisi ambao maji tunayafukua kwenye mchanga wa mto, samaki tunamjua kwa methali tu, na bado tumeshajua jinsi ya kumkunja. Nilimeza jibu. Heshima ina mifupa, mwanangu, na mkaza mwana huimeza bila kutafuna.

Jioni moja nilikisikia kilio chako tangu njiani. Nikaingia. Ulikuwa umekaa mkekani, na mkono wako wa kushoto umefungwa ubavuni kwa utepe uliochanwa kwenye leso kuukuu, umezungushwa kifundoni, ukazungushwa kiunoni, ukapigwa fundo mgongoni usikofika. Mbele yako kiazi kitamu kimekatwa vizuri, laini, urefu wa kidole, kama nilivyomwonyesha susu yako. Mkono wako wa kulia umelala kando yake haujui kazi. Ulikuwa ukikiinamia kile kiazi kwa mdomo, kama ndama kwenye ndoo.

Nina hasira, Kanyiva. Nina hasira, na sitaipuliza ipoe.

Kulia. Hebu litazameni neno hili mnalolitumia kama fimbo. Mkono wa kulia ni wa kulia chakula, mlisema. Basi mmeufanya mkono wa kulia machozi. Na kwa Kikamba chetu huu mwingine ni kwoko kwa aka, mkono wa wanawake, na nani ameufunga? Si mzee wa ukoo. Si mchungaji. Mwanamke alichana leso ya mwanamke, akaufunga mkono wa wanawake wa mtoto wa kike, kisha akaketi kuchambua ndengu. Nami nicheke? Nitoe chai?

"Nani amemfunga?" niliuliza, na nyumba ilikuwa na mtu mzima mmoja tu.

"Ni mimi. Na ata mimi nilifungwa hivyo. Sikukufa."

Hakufa. Hicho ndicho kipimo chetu. Tulichapwa, hatukufa. Tuliminywa pua tukamiminiwa uji, hatukufa. Tulifungwa, hatukufa, basi tufunge. Mwaitu, mimi sikuzaa mtoto wa kutokufa. Nilizaa mtoto wa kuishi.

Hayo nilimwambia, na sauti yangu ikawa juu kuliko inavyoruhusiwa. Akaniangalia kwa huzuni, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimekosa.

"Kesho yake akipelekea watu chai na kushoto, watasema nini? Akipatia mchungaji sadaka na hiyo? Watauliza susu yake alikuwa wapi."

Watu. Watu watasema. Nileteeni hao watu niwaone nyuso. Hawakuwepo nilipokuwa na uchungu wa kuzaa, hawakukupoza homa, hawajawahi kukukatia hata papai moja, lakini mkono wako wanao. Nina hasira, na sitaipuliza ipoe.

Nikampigia baba yako. Mwau hubadilisha magurudumu ya malori huko Mtito Andei, ana mikono miwili na mtu hamuulizi ni upi unaoshika spana.

"Si ufuate tu venye mama anasema?" akaniambia. "Kwani mkono si mkono?"

"Hiyo ndiyo hoja yangu, Mwau. Mkono ni mkono. Mwache na ule alioshika."

Akasema mtandao ni mbaya. Mtandao wa Mtito Andei huwa mzuri sana mpaka mama yake atajwe.

Basi tukaishi hivyo. Mimi nikifungua, susu yako akifunga. Jioni nafungua nikikusugua kifundo kwa mafuta, asubuhi nikishafika barabarani naye ameshachukua utepe. Ungesema tunashona nguo moja, mmoja anatia uzi na mwingine anafumua. Machungwa yaliniozea nikiwaza. Wateja waliuliza bei nikawajibu kama waliokuja kuniibia.

Halafu ukaacha.

Hili ndilo lililonitisha, na nataka lisikike. Nilikufungua jioni, nikakuwekea papai, lile lile la kuteleza ulilolipenda, na hukunyoosha mkono. Wowote. Mikono yote miwili ililala mapajani mwako kama ya mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Ulilitazama papai, ukanitazama mimi, ukafumbua mdomo, ukangoja. Nikangoja nawe. Ukafumba mdomo, ukageuza uso ukutani. Kliniki nesi akakupima, akakupima tena, kisha akaniuliza mtoto anakula nini.

Sikuogopa njaa peke yake. Njaa tunaijua, inakuja na ukame na inaondoka na mvua. Niliogopa kwamba umeshaelewa somo. Kwamba kabla hujajua kusema "nataka", umeshafundishwa kwamba kutaka ni kosa na kwamba mkono unaotaka hufungwa. Somo hilo huku kwetu wasichana hulipata wakiwa wakubwa kidogo. Wewe ulikuwa hujaota hata magego.

Nina hasira, mwanangu. Safari hii niliishika kwa mikono miwili.

Jumapili wakaja wanawake wa kanisa kumwona susu yako, wakiongozwa na Ndunge, mke wa mchungaji. Waliketi hadi mlangoni. Palikuwa na chai, palikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha, palikuwa na wimbo. Nawe uliketi mkekani katikati yao, umevalishwa gauni jeupe, na juu yake kijishali kimetandazwa vizuri ili fundo lisionekane. Kwa heshima ya wageni, mwanangu. Hata kufungwa kwako kulivalishwa nguo ya Jumapili.

Walipofumba macho kuomba, mimi sikufumba. Walipofumbua, walinikuta nimepiga magoti nyuma yako. Nikakivua kijishali. Fundo lilikuwa gumu, nikalitia meno. Mtu akasema, "Mama Kanyiva?" Utepe ukaanguka mkekani, na kifundo chako kikabaki nje mbele ya watu wale wote wa kusema, na alama yake nyekundu. Wakakiona. Hakuna aliyesema.

Nikakukatia kiazi. Nikakiweka mbele yako. Nikakaa karibu, nikanyamaza.

Ulikaa. Mtu alikohoa. Ulikitazama kiazi kwa muda mrefu, ukautazama mkono wako kana kwamba umerudi kutoka safari. Kisha ukaunyoosha. Wa kushoto. Vidole vikafunguka, vikakizunguka kiazi, vikakishika bila kukifinya, na mimi nikauma mdomo wangu nisije nikapiga kelele.

Hukukila. Uligeuka, mkono juu, ukamtafuta kwa macho mpaka ukampata, na ukamnyooshea susu yako. Kati ya watu wote waliojaa nyumba ile, yeye ndiye uliyempa. Aliyekufunga ndiye uliyemlisha kwanza. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko utepe wenyewe.

Susu yako akawatazama wageni. Akatabasamu kidogo. Akakukunjulia kiganja chake cha kulia.

"Nipe na ile ingine, jina yangu," akasema kwa upole. "Nipe na ile mzuri."

Ndunge alikuwa ameshika kikombe, hakunywa wala hakukiweka chini. Mkono wako ulianza kushuka, maana kiazi ni kizito kwa mkono mdogo ukikaa hewani. Hukuelewa maneno. Ulielewa kwamba umetoa na hujapokelewa. Ukamtazama susu yako usoni, ukakitazama kiganja chake, ukakitazama kiazi.

Ukakirudisha taratibu, ukakitia kinywani mwako mwenyewe.

Ulitafuna kwa ufizi na meno yako machache, mashavu yamejaa, umetulia, na hakuna sauti nyingine iliyosikika nyumbani mwangu isipokuwa ya kula kwako. Susu yako aliungoja mkono wako kidogo zaidi. Kisha akakifumba kiganja chake, akakipangusa kwenye rinda lake la Jumapili, akakipangusa tena, ingawa hapakuwa na kitu ulichoweka ndani yake.