Barafu Mbili za Mama

Mama yangu alikuwa muuguzi wa chanjo mpaka alipostaafu, na katika kazi hiyo alikuwa na adui mmoja tu, joto. Chanjo ikipata joto imekufa, alikuwa akisema, na ukimdunga mtoto chanjo iliyokufa umemdanganya mzazi wake mchana kweupe. Kazini walimbandika jina la Mama Baridi, na badala ya kununa akalifurahia. Nyumbani, mimi na dada yangu tulikua tukiiogopa friji kuliko fimbo. Ukifungua mlango ukajisahau kidogo tu, utamsikia anafoka kutoka uani: "Unachagua nini humo, nguo? Funga, baridi inatoka!" Mpaka leo sijui alikuwa anajuaje.

Nayasema haya mwanzoni ili mtu asije akamwona mama mjinga au mzembe. Ningekuwa na mama mzembe, labda leo ningekuwa na figo.

Mimi ni fundi wa makochi. Miguu ilipoanza kuvimba nilisingizia kusimama sana. Uso ulipovimba nikasingizia usingizi. Visingizio viliponiishia nikafikishwa hospitali nimebebwa, nikaambiwa figo zote mbili zimegoma na kwamba tangu hapo damu yangu itasafishwa na mashine. Mashine yenyewe sina ugomvi nayo, ndiyo iliyonifikisha hapa. Lakini si maisha. Unalala pale damu ikitoka huku na kuingia kule, unanyanyuka huna hata nguvu ya kushika nyundo, na ukianza kupata nafuu siku ya kurudi imefika.

Dada yangu alipoambiwa kwamba ndugu anaweza kutoa figo moja, hakuomba muda wa kufikiri.

"Chukueni," alimwambia daktari. "Na mkishamfungua huyu, mtoeni na ubishi kabisa."

Daktari alicheka, mimi nikacheka. Dada mwenyewe hakucheka, alikuwa amenishika mkono na hakuuachia mpaka tulipofika nje.

Tatizo lilikuwa muda. Hospitali kuu ilikuwa ikiwasubiri madaktari wapasuaji kutoka nje, ambao huja mara moja kwa mwaka, huwapasua wagonjwa waliokwisha kuandaliwa, kisha huondoka. Ili uwemo, majibu ya kipimo cha kulinganisha damu lazima yafike kabla nafasi hazijafungwa. Kipimo chenyewe hakikufanyika kwetu. Damu yangu na ya dada ilibidi isafirishwe hadi maabara ya mbali, ambako wangechukua chembe hai za damu yake, wazichanganye na maji ya damu yangu, na watazame kama damu yangu itazishambulia.

"Wakitaka kujua kama tunagombana, si wangemuuliza mama?" nilisema.

"Wewe cheka tu," dada alinijibu. "Chembe zangu zikifika zimekufa, hawana cha kupima. Omba zifike hai."

Hapo tulijiona wenye bahati, kwa sababu dada ndiye aliyekuwa akifungasha na kutuma sampuli zote za kituo cha afya cha mtaani kwetu. Damu za watu, makohozi ya watu, vinyama vilivyokatwa vya watu, vyote vilipita mikononi mwake kabla ya kusafiri. Sasa zamu ilikuwa yetu.

Siku ya kutuma, mwenzake dada wa maabara alitutoa damu, mimi kwanza na dada baadaye, kisha nikaketi pembeni kumtazama dada akifanya kazi. Kazi nzuri ya mikono naitambua nikiiona. Alisoma jina kwenye kila kichupa kwa sauti, akakaza kifuniko, akakizungushia kila kimoja sponji ili visigongane. Akavitia ndani ya kopo gumu la plastiki lenye mfuniko wa kusokota, akashindilia pamba pande zote, nyingi kiasi kwamba hata vichupa vyote vikipasuka pamba itainywa damu yote na hakuna tone litakalotoka. Karatasi za maelezo akazitia kwenye mfuko wa peke yake, nje ya kopo, zisije zikaloa. Kopo likaingia ndani ya boksi la kadi ngumu, na nafasi iliyobaki akaijaza magazeti yaliyofinyangwa ili kopo lisichezecheze.

"Umelivisha vizuri kuliko ulivyokuwa ukinivisha mimi niende shule," nilimwambia.

"Wewe ulikuwa hutulii."

Mama akaingia na kikapu cha chakula. Alikitua mezani, akanitazama uso kama anavyonitazama kila siku, kuona kama uvimbe umepungua, kisha macho yake yakahamia kwenye boksi. Akaliinamia. Nilimwona anatafuta kitu.

"Na barafu iko wapi?"

"Mama, nakuomba," dada alisema bila kugeuka, maana alikuwa akiandika anwani. "Kazi yangu naijua."

"Nimeuliza tu."

"Usiulize. Kaa na mgonjwa wako mkale."

Baadaye dada amenirudia maneno hayo mara nyingi, akijipiga kifuani. Ingetosha sentensi moja, anasema. Angesema tu: mama, hii si chanjo, hizi ni chembe hai, zinatakiwa zisafiri kwenye hewa ya kawaida ya chumba, baridi inaziua kama joto linavyoziua. Mama angeelewa, mama ni mtu wa kazi hizo hizo. Lakini dada alikuwa ameshikwa na haraka na hofu, na binti aliyelelewa na Mama Baridi amechoka kusahihishwa. Akamnyamazisha.

Mpeleka vifurushi alikuwa amekwama langoni akibishana na mlinzi aliyetaka kukagua pikipiki yake. Dada akatoka mbio kumnusuru, boksi likabaki mezani halijagundishwa. Mimi nikatoka na bakuli langu nikale kwenye benchi la nje, maana chumba kilinuka dawa. Nikiwa pale nilimwona mama akipita kuelekea chumba cha chanjo kuwasalimia wenzake wa zamani. Nikasikia vicheko na "Mama Baridi karudi kazini!" Sikuwaza lolote. Dada aliporudi akaona magazeti yako juu kama alivyoyaacha, akaligundisha boksi kwa utepe wa gundi, akalikabidhi. Mama alilisindikiza kwa macho mpaka pikipiki ilipokata kona.

Simu kutoka maabara iliingia mimi nikiwa kwenye mashine. Dada alitoka nayo nje kuipokea, akarudi, akasimama mwisho wa kitanda changu akiitazama simu. Nilidhani damu zetu zimegombana.

"Wamefungua boksi wakakuta barafu," alisema hatimaye. "Pakiti mbili za barafu ya chanjo, zimezamishwa chini ya magazeti, zimelibana kopo huku na huku. Chembe zimekufa. Wananiuliza mimi, na uzoefu wangu wote, nani kaniambia niweke barafu."

"Ukawaambia nini?"

"Niwaambie nini? Zilikuwa zimefungwa kwa kile kitambaa cha mama cha kufunikia chakula."

Mama hakuziweka ovyo, huo ndio ufundi wake. Barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friji hugandisha, na chanjo nyingine zikiganda zinaharibika, kwa hiyo watu wa chanjo huiacha kwanza mezani mpaka itoe jasho na maji yasikike ndani ukiitikisa. Mama alizifuata zile zilizokwisha kutoa jasho. Akazifunga kitambaa ili ubaridi uwe wa upole. Kwa chanjo, asingepatikana wa kumkosoa. Alizifungashia chembe za dada kifo chema kabisa.

Nitasema ukweli, saa ile nilimchukia mama. Nililala pale nimefungwa mipira mkononi nikimtukana kimoyomoyo mtu aliyenizaa. Nani alimtuma? Nani alimwomba? Dada alikuwa akilia na kusema tumwambie, ni lazima ajue, asije akarudia. Nikamwambia mwambie, mwambie leo hii, ajue alichofanya.

Basi mama akaingia. Alikuwa amenibebea mto kutoka nyumbani kwa sababu niliwahi kulalamika kwamba ule wa hospitali ni mgumu. Akanyanyua kichwa changu kwa kiganja, akauweka, akaulainisha. Kisha akatutazama kwa zamu.

"Wamesemaje?"

Dada akaangalia dirisha. Mimi ndiye niliyekuwa nimesema aambiwe leo hii, nikajikuta namtazama mama mikono yake, bado imeshika ncha ya mto.

"Sampuli imeharibika njiani," nilisema.

Aliketi polepole. "Joto?"

Mlango wa uongo alinifungulia mwenyewe, mimi nikapita tu.

"Joto, mama."

Akafumba macho.

Tulituma damu nyingine. Safari hii dada hakumwambia mama siku wala saa, alijifungia chumbani akafungasha peke yake, akalibeba boksi mwenyewe mpaka ofisi ya vifurushi. Majibu yakaja mazuri. Damu zetu hazikugombana hata kidogo, mtu asingeamini. Lakini yalifika nafasi zimekwisha kufungwa, na ile iliyokuwa yangu amepewa mwingine. Sikumwonea kijicho, au nilimwonea kidogo. Nikaambiwa nisubiri msimu ujao wa madaktari, faili langu litakuwa la kwanza.

Nisingekuwa na haja ya kusimulia kama ningesubiri salama. Katikati ya kusubiri nikapata maambukizi kwenye mshipa wanaounganishia mashine, yakaingia kwenye damu, yakafika kwenye moyo. Nilipona, kwa namna fulani. Daktari alipomaliza kuupima moyo wangu alivuta kiti akakaa, na daktari akivuta kiti ujue mambo yameharibika. Akasema moyo huu hautastahimili upasuaji, si msimu ujao wala mwingine wowote. Nitaendelea na mashine mpaka moyo utakapochoka. Dada aliendelea kumwambia kwamba yeye bado yuko tayari, kwamba figo ipo, kana kwamba mtu alikuwa amelikataa hilo. Ilibidi nimwambie dada, basi, amesikia.

Karakana yangu sasa anaiendesha mwenzangu. Mimi nashinda nyumbani kwa mama, kwenye kochi nililolishona mwenyewe, na mama anakaa mkabala nami. Hasira zangu ziliisha zamani. Zilizobaki ni "laiti" tu. Laiti dada angefafanua. Laiti mlinzi angemruhusu yule mtu wa pikipiki aingie. Nikiwa peke yangu nazipanga hizo laiti, nikimaliza naanza upya. Kitu kimoja tu kilinipa faraja, kwamba mama hayumo katika mateso haya, kwamba yeye angalau analaumu jua na si mikono yake.

Juzi mchana alikuwa akinikanda miguu. Akaacha.

"Baba," aliniita, ndivyo anavyoniita akiwa na jambo zito. "Kuna kitu nimekuficha."

"Kitu gani, mama?"

"Siku ile ya kutuma damu. Dada yako alipotoka, nilikwenda kuomba barafu chumba cha chanjo. Nikaziweka ndani ya lile boksi, chini ya magazeti."

Moyo ulinipiga mpaka nikaogopa utaishia hapo hapo. Nikajua ameshajua. Labda wenzake walimwambia, labda dada alishindwa kuvumilia. Nikaanza kutafuta maneno ya kumshika nayo asianguke.

"Niliweka mbili tu," mama alisema. Machozi yalikuwa yameanza kushuka na hakuyafuta. "Zilikuwa nne pale mezani, baba. Nne, zote ziko tayari. Nikaona nikizitia zote boksi litakuwa zito, dada yako atagundua, atanifokea tena mbele za watu. Nikaogopa kufokewa na mtoto wangu. Nikachukua mbili, mbili nikaziacha. Mimi, niliyewafundisha wengine kwamba safari ndefu barafu haipunguzwi! Ningezitia zote nne joto lisingeingia, damu ingefika, ungepasuliwa ukapona. Kila nikikuona hapo naziona zile mbili mezani. Nimekuua kwa woga, baba."

Kumbe muda wote huo hakuwa akililaumu jua. Nilimficha juto moja, naye kwa kutumia uongo wangu akajitengenezea jingine, akalala nalo na kuamka nalo, kimya, akinikanda miguu. Na dawa yake ilikuwa mdomoni mwangu: ilitosha nimwambie kwamba hazikuwa chache. Lakini ningemwambiaje hazikuwa chache bila kumwambia zilikuwa nyingi?

"Nisamehe," alisema. "Kama unaweza."

Nilimshika mikono, yote miwili, bado ina mafuta ya kukandia.

"Nimekusamehe, mama," nilisema.

Na nilimsamehe kweli, kwa zile mbili alizoweka. Yeye akanishukuru kwa zile mbili alizoziacha mezani.