Dume Bafuni kwa Bi Wilda

Kwenye mlima wetu kuna sheria chache, na nyingi kati ya hizo hakuna anayezifuata. Lakini moja inafuatwa na kila mtu, hata na wale wanaokwepa kodi: ukiona mmea dume katika bangi yako, ung'oe siku hiyohiyo. Dume halina ua la maana. Linatoa chavua tu, unga wa manjano mwepesi kama moshi, na unga huo ukimfikia jike, jike anaacha kazi ya utomvu, ambao ndio wenye thamani, na kuanza kutengeneza mbegu. Uzembe wa mtu mmoja unaweza kuharibu mavuno ya bonde zima. Kuna watu hapa hawajaamkiana kwa miaka kwa sababu ya dume lililosahauliwa nyuma ya banda la kuku.

Bi Wilda Kettering alilijua hilo kuliko sote, maana sheria yenyewe aliianzisha yeye, mimi nikiwa bado mtoto wa shule kule Ohio. Kwa hiyo mwezi wa Julai aliponiita nimtengenezee bomba la bustani, nikaona kilichosimama katikati ya nyanya zake, nilidhani uzee umeanza kumchezea.

"Bi Wilda," nikasema, "hilo ni dume."

"Hiyo ni nyanya."

Alikuwa ameutundikia mmea mipira myekundu ya mti wa Krismasi. Enzi za helikopta, kabla serikali haijaturuhusu kupanda nyumbani, watu wa huku walifanya hivyo ili polisi wakichungulia kutoka juu wadhani wanaona nyanya. Sikuwa nimeuona ujanja huo kwa muda mrefu. Na sikuwahi kabisa kuuona ukitumika dhidi ya majirani.

"Sijawahi kuona nyanya yenye majani kama vidole."

"Na mimi sijawahi kuona fundi bomba mwenye maswali kama hakimu. Kaa, Emmett. Unywe kahawa."

Nikakaa. Akanieleza. Wakati wa baridi, akisafisha kabati, alikuta kikopo cha filamu ya kamera ndani ya debe kuukuu la unga. Humo mlikuwa na mbegu za bangi yake ya zamani, ile aliyopanda alipofika mlimani akiwa kijana, ambayo harufu yake ilikuwa ya ganda la chungwa na kiatu kipya. Wakati mmoja bonde zima lilipanda hiyo. Kisha helikopta zikaja, kisha miche ya madukani ikaja, na mbegu ile ikapotea, kama vitu vinavyopotea kila mtu akiamini kwamba mwenzake anacho. Alizipanda zote. Nyingi zilikuwa zimekufa. Zilizoota zilikuwa mbili tu: jike moja na dume moja.

"Nikimng'oa bwana, bibi anakufa mgumba," akasema. "Na mimi mwenyewe sina miaka mingi ya kungoja muujiza mwingine kwenye debe la unga. Nataka mbegu, Emmett. Mbegu tu. Halafu namng'oa."

"Na Dwight?"

Akatazama nyanya zake. "Dwight haoni mbali."

Dwight Prather ni jirani yetu wa upande wa chini. Ni mfupi, mnene, ana ndevu za kufika kifuani, na alikuwa amechukua kombe la mavuno linalotolewa kila mwaka kwenye ukumbi wetu wa kijiji mara tatu mfululizo. Si mtu mbaya. Ila kila mwaka majira hayo huzunguka bustani za watu na kioo cha kukuzia mkononi, akitafuta madume, na miwani ya kumsaidia kuona hata hatua tano mbele anaikataa kwa sababu anasema inamzeesha. Wiki ile akaja. Akampekua jike wa Bi Wilda jani kwa jani. Akapita kando ya dume, akasimama.

"Bi Wilda, nyanya zako zimewahi mwaka huu!"

"Mbolea ya sungura, mwanangu."

"Utanigawia?"

"Zikilika, nitakugawia."

Kabla vifuko vya chavua vya dume havijafunguka, tulilibeba na chungu chake hadi bafuni. Bi Wilda alikuwa mwangalifu. Aliziba dirisha, akaliweka dume ndani ya beseni la kuogea, akavuta pazia. Kila asubuhi alikinga unga kwenye kipande cha kioo. Siku aliyoona unatosha, akapaka tawi moja tu la jike kwa brashi ya rangi za maji, akalifunika kwa mfuko wa karatasi, na kabla ya kutoka nje tena akajimwagia maji mwili mzima, kwa sababu maji yanaiua chavua. Kazi safi. Nisingepata cha kuirekebisha.

Isipokuwa kwamba Dwight alirudi.

Alisema amekuja kuazima ngazi, lakini macho yake yalikuwa kwenye ule mfuko wa karatasi. Bi Wilda akamwambia amefunika tawi lisiliwe na viwavi, akammiminia kahawa ili asahau. Akammiminia nyingi mno. Dwight akainuka.

"Naomba kutumia choo."

"Kibovu," akasema Bi Wilda.

"Basi ninawe mikono tu."

"Maji hakuna."

"Nayasikia yanachuruzika, Bi Wilda."

Dwight si kijana tena, na kahawa ilikuwa imefanya kazi yake. Akaingia. Sisi tukabaki tunatazamana kama wezi waliosikia funguo mlangoni. Tulimsikia akiimba. Tulimsikia akinawa, akipenga, akipiga chafya. Pazia halikusikika likivutwa. Bi Wilda akaanza kushusha pumzi, kisha akaikata katikati.

"Taulo," akaninong'oneza.

Taulo la bluu lilining'inia kwenye fimbo ileile ya pazia, nusu nje, nusu ndani, juu kabisa ya dume. Lilikuwa hapo tangu juzi.

Dwight akatoka amejipangusa vizuri. Ndevu zake zilikuwa za manjano kama nyuki aliyerudi na mzigo. "Bafu lako lina vumbi," akasema. Bi Wilda akachukua jagi la maji, akajikwaa kwa makusudi, akammwagia. Mengi yalimpata begani. Dwight akaruka, akafoka, akakataa kupanguswa, akaondoka na ngazi aliyoazima.

"Labda yamemfikia," nikasema.

"Labda," akasema Bi Wilda. Lakini sote tulijua tabia ya Dwight. Kila jioni hupita kwenye njia ya bustani yake, akiinamia ua moja baada ya jingine, akiingiza uso mzima na kuvuta pumzi. Anasema maua yanapenda.

Asubuhi yake Bi Wilda akaling'oa dume, akalilowanisha, akalifukia. Tukangoja tawi lake.

Mvua ya vuli ikaja mapema na ukungu ukalala mlimani bila kuondoka. Siku ya kukata, Bi Wilda alikata jike lake, akatundika matawi ndani, akaliacha tawi lenye mfuko liwe la mwisho kwa furaha, kama mtoto anayeacha nyama ya mwisho wa sahani. Akaufungua mfuko. Ndani mlikuwa na uji wa kijivu. Karatasi ilikuwa imenyonya maji na kuyafungia humo. Ua lilikuwa limeoza lote, na mbegu zilikuwa changa, nyeupe, laini. Ukizibonyeza zilitoa maji.

Hakulia. Alikaa kwenye ngazi ya mlango akiushika ule mfuko. "Basi," akasema. "Basi tena."

Baadaye kidogo tukaenda wote kwa Dwight kusafisha maua yake, kwa sababu hiyo nayo ni desturi: unasaidia, nawe unasaidiwa. Mezani tulikuwa wanne: Dwight, Bi Wilda, mimi, na Roxanne wa darajani, ambaye mkasi wake ni mwepesi na mdomo wake mwepesi zaidi. Chungu cha maharage ya pilipili kilikuwa jikoni, chupa za kioo zimepangwa ukutani zikingoja. Ua likishakauka unalipunguza majani, unaliweka chupani liive polepole, na kila siku unafungua kifuniko lipumue.

Roxanne akasimamisha mkasi. "Dwight, umeanza kufuga ndege?"

Kwenye kiganja chake palikuwa na mbegu, ya kahawia, yenye milia, imekomaa vizuri.

Dwight akapasua ua jingine. Mbegu. Jingine. Mbegu. Uso wake ukageuka rangi ya matofali. "Kuna mtu amefuga dume! Mlimani hapa! Kombe langu limekwenda! Nitamjua, na nikimjua ataling'oa kila jani alilonalo! Na hizi nazichoma zote, leo hii!"

Nilimtazama Bi Wilda. Alikuwa ameketi wima kama msichana aliyesikia jina lake. Kitu kile kile alichokizika kwenye ule mfuko kilikuwa kinamwagika mezani kwa Dwight.

"Mwanangu," akasema kwa upole ambao ungenitia wasiwasi kama ningekuwa Dwight, "wewe utapata shinikizo la damu. Pasua maua tu, mbegu nitaziokota mimi. Nitakukusanyia, uchome mwenyewe."

"Una moyo mzuri, Bi Wilda."

"Nimeambiwa."

Akaziokota kwa subira kubwa, akizitia kwenye kikopo cha tumbaku. Dwight alipotoka kuleta kuni, Bi Wilda aliinuka kuonja maharage, kikopo kikiwa mfukoni mwa aproni yake. Alikaa jikoni kidogo kuliko inavyohitajika kuiba na zaidi ya inavyohitajika kuonja. Akarudi, na Dwight alipofungua mlango wa jiko la kuni, akamkabidhi kikopo. Dwight akamimina chote motoni.

Mbegu za bangi zikiingia motoni hulia kama bisi. Sote tukatega masikio.

Kimya.

Kisha moshi ukaja. Roxanne akaanza kupiga chafya, mimi nikafuata, mbwa wa Dwight akatoka mbio kupitia mlango wa wavu bila kuufungua. Dwight akitokwa na machozi alichokoa kipande kimoja majivuni, akakinusa.

"Hii ni pilipili manga," akasema. Akanusa tena. "Na ni *yangu*. Bi Wilda, mfukoni mwa aproni yako mna nini?"

Bi Wilda akafuta macho. "Mficha uchi hazai," akasema, akaweka kikopo cha pili mezani, akaeleza yote: debe la unga, nyanya, bafu.

"Wewe!" Dwight akakinyakua kikopo. "Wewe uliyetunga sheria! Upepo umeleta uchafu wako mpaka kwangu!"

"Dwight," nikasema, "matawi yako niliyatundika mimi, ya juu ya mmea kamba ya juu, ya chini kamba ya chini. Mbegu zote zinatoka kamba ya katikati. Ya juu hayana hata moja, ya chini hayana."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui ni upepo gani unaovuma kwa urefu wa kidevu chako tu."



"Ulijifutia taulo gani bafuni kwangu?" akauliza Bi Wilda.

"La bluu." Mkono wake ukapanda polepole hadi kwenye ndevu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Roxanne, akijizuia kuanguka kitini. "Cha Dwight kiko ndevuni!"

Dwight hakucheka. Mlango wa jiko ulikuwa bado wazi na kikopo kilikuwa mkononi mwake, karibu na moto kuliko na Bi Wilda. Bi Wilda hakumwomba. Alitoa mkobani chupa ndogo ya maua ya jike lake, akafungua kifuniko, akaisukuma mezani.

Harufu ikapita juu ya pilipili, juu ya maharage. Ganda la chungwa. Kiatu kipya. Dwight alipofika mlimani alikuwa kijana asiye na ndevu wala viatu vya kueleweka, na meza ya kwanza aliyoketi kusafisha maua ilikuwa ya Bi Wilda.

"Hii siyo..."

"Ndiyo hiyo."

"Nilijua imekwisha."

"Imekwisha. Zilizobaki ni hizo ulizoshika. Nusu zangu, nusu zako." Akamtazama. "Tumezaa, Dwight."

Roxanne akatoka nje kwenda kuchekea huko. Dwight akaufunga mlango wa jiko kwa mguu, akarudisha kikopo mezani, akakaa, akachukua mkasi wake. "Pilipili yangu utanilipa," akasema.

Kombe mwaka ule lilikwenda kwa Roxanne, na hotuba yake ilikuwa ndefu kuliko tulivyotaka.

Majira ya kuchipua nilikuwa kwa Bi Wilda nikilitazama lile bomba tena, miche midogo ya zile mbegu ikiwa imejipanga dirishani, Dwight alipopanda na njia. Sikumtambua mara moja. Kidevu kilikuwa kimenyolewa, cheupe kama yai. Mkononi alikuwa na boksi la mipira myekundu ya Krismasi.

"Ya nyanya zako," akasema, akaliweka ngazini. Kisha akauliza, akitazama pembeni, kama ule mche wa mwisho karibu na pazia la dirisha ni wake.