Kidumu cha Siki

Nilikuwa kwenye kijiko cha pili cha mafuta ya alizeti, nayachuruza taratibu huku mkono wa kulia ukikoroga siki na kitunguu saumu ndani ya bakuli, mume wangu alipouliza kutoka barazani kama mbuzi wameshakula.

Hatuna mbuzi. Hapa Kibeta tuna migomba kumi na minne na kuku. Mbuzi ni mimi, kwa sababu kila mchana naweka mezani sahani ya majani ya saladi, karoti na tango.

"Bado," nikamjibu. "Mmoja yuko barazani anasubiri."

Alicheka, si jibu langu, swali lake. Vichekesho vya Ishengoma havijawahi kukosa msikilizaji, kwani yeye mwenyewe yupo siku zote.

Nieleze kwa mpangilio. Ishengoma ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia likiwa baya zaidi. Mara mbili tumekwenda kwenye upasuaji, na mara mbili daktari amempima presha, akatikisa kichwa, akaturudisha nyumbani. Chumvi ipungue, alisema, mboga ziongezeke. Tarehe ya tatu ni Jumatano ijayo. Mtu huyu amesoma masomo ya misa kwa miaka ishirini. Tangu Pasaka hajasimama mbele. Waumini wakimuuliza, anashika shingo na kusema koo linamsumbua.

Basi nikaanza kujifundisha kutengeneza sosi za saladi. Upishi sikuusomea. Nina daftari, nabadilisha kitu kimoja tu kwa siku, halafu naandika. Limao na mafuta: alisema ni dawa ya mafua. Parachichi lililopondwa na ndimu: alisema rangi hiyo ingefaa mlango wa choo. Karanga zilizokaangwa, zikatwangwa na tangawizi: alikomba karanga zote kwa kidole, majani akayaacha safi kuliko nilivyoyaosha.

Sikutaka kumhukumu mapema. Nilidhani kosa ni la sosi. Kisha Jumatatu nikafua koti lake, nikakuta kwenye mfuko wa kushoto kikaratasi cha chumvi, kimekunjwa vizuri. Kumbe maharage yangu yasiyo na chumvi, aliyokuwa akiyala bila kulalamika, yalikuwa yakitiwa chumvi chini ya meza. Mzee wa miaka sitini na nane. Nilikirudisha kikaratasi mahali pake koti lilipokauka. Nilitaka nione atafika nacho wapi.

Siki ninayotumia ilitokana na rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kwetu rubisi ikipita siku zake humwagwa migombani, na aliyeipika hutukanwa kidogo. Mimi yangu niliifunika kitambaa, nikaiacha wiki saba mpaka ikawa siki kali, safi. Nikaichuja, nikaitia kwenye kidumu cha njano na kukibandika karatasi yenye herufi kubwa: SIKI.

Mchana huo, kijiko cha tatu kikiwa mkononi, alifika kaka yangu Kahangwa kutoka Ijumbi. Alikuwa ameamkia Muleba mjini kwenye shughuli za ardhi, akaamua aje mpaka kwetu. Alileta parachichi na kidumu cha rubisi aliyoipika mwenyewe. Kidumu cha njano. Nikakiweka jikoni sakafuni, kando ya changu.

"Muramu!" Kahangwa alimwita, ndivyo wanavyoitana mashemeji kwetu. "Nasikia siku hizi huoni."

"Nani kakuambia? Kutoka hapa naona mpaka kisiwa cha Musira."

"Musira ni kubwa. Mimi je?"

"Wewe ungekuwa na maana ningekuona."

Walicheka wote wawili. Ishengoma akainuka kwenda kumhudumia mgeni. Alikuja jikoni akipapasa fremu ya mlango kwa vidole, akajifanya anaipangusa vumbi. Akainama. Akashika kidumu chenye karatasi.

"Baba Lilian," nikasema, "hicho ni—"

"Mama Lilian, nimekuuliza?"

Hakuwa ameniuliza. Nikarudi kwenye mafuta yangu. Ukiacha kukoroga katikati, sosi hujitenga, mafuta yakaelea juu.

Nilimsikia akimimina glasi mbili. Kwa desturi yetu mwenyeji huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue anapewa kinywaji na si kitu kingine. Na Ishengoma haonji kidogo. Huonja kama mtu anayeshindana. Nikasogea mlangoni na bakuli langu.

Alipiga funda moja kubwa. Bega la kushoto liliruka. Macho, yale yanayoona mpaka Musira, yakajaa machozi. Angesema ni siki, angekuwa amekiri kwamba hakuona. Angesema rubisi ni mbaya, angekuwa amemtukana aliyeipika. Niliona akizipima njia zote mbili na kuziacha. Akamaliza glasi.

"Nzuri," alisema kwa sauti nyembamba. "Ime... imekomaa."

Kahangwa akanywa kwa imani. Akaitema yote nje ya baraza, kuku wakatawanyika.

"Nini hii? Ishengoma, unataka kuniua?"

"Ni yako."

"Yangu? Miaka thelathini napika rubisi! Na wewe umemeza?"

"Nilidhani ndivyo ulivyoipika safari hii."

Kahangwa alinipita jikoni kama upepo. Akakiinua kidumu kilichobaki, akakifungua, akakinusa. Akakichungulia kile cha barazani.

"S, I, K, I," alisoma kwa sauti. "Herufi kubwa kama za bango la mgombea! Muramu, hapa nimenyoosha vidole vingapi?"

"Vya kutosha."

"Vingapi?"

Ishengoma alitazama upande wa sauti. Kahangwa hakuwa amenyoosha kidole chochote. Kicheko kikafutika usoni mwa kaka yangu, akaketi.

"Na Jumapili unasomaje masomo?"

"Sisomi. Koo."

"Koo!" alisema Kahangwa. "Koo lililomeza glasi nzima ya siki bila kukohoa halina ugonjwa wowote."

Nilichukua sahani ya majani, nikainyunyizia sosi vijiko vitatu, nikaigeuza kwa uma mbili mpaka kila jani likang'aa. Nikaiweka mbele ya mume wangu, kisha nikanyoosha kiganja.

"Lete."

"Nini?"

"Kilicho mfuko wa kushoto."

Miaka arobaini na moja ya ndoa, na bado alijaribu kwanza mfuko wa kulia. Mwishowe kikaratasi kikatua kiganjani mwangu.

Ishengoma alitafuna jani la kwanza kama anayetafuna risiti. Akatafuna la pili.

"Mbuzi wana subira," alisema.

"Wanaona pia," nikamwambia.

Alikula nusu ya sahani. Sijawahi kuandika nusu katika daftari langu. Kawaida naandika "majani mawili" au "alimpa kuku". Nilipoitoa sahani alinishika mkono.

"Ni kali kidogo," alisema taratibu, kaka yangu asisikie, ingawa alisikia. "Na kile kidumu, usinibandikie karatasi. Kifunge uzi shingoni. Nitakijua kwa kidole, mpaka hiyo Jumatano."

Nilitafuta uzi kwenye droo ya cherehani, nikapata mweupe tu, mwembamba, ambao kidole chake kisingeuhisi. Uzi mnene upo dukani, na duka lilikuwa limefungwa kwa msiba wa jirani. Sosi iliyobaki niliifunika kwa sahani, kitunguu saumu kiendelee kulowa. Kesho nitapunguza siki nusu kijiko, hicho tu nibadilishe, nione. Zimebaki siku sita.

Chumvi nimeitia kwenye kopo lake, juu kabisa ya kabati. Huko naona mimi.