Rangi ya Kumi na Saba

Jumatano saa nne asubuhi, Florian Mniko aliketi mbele ya kompyuta katika ofisi ya kuchora ramani pale Mwisenge, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, akaanza kugeuza faili za rangi. Zilikuwa mia mbili na kumi na mbili, faili moja kwa kila kijiji, zote za toleo la zamani ambalo programu mpya ya ofisi haikuweza kulisoma. Madam Hilda, mwenye ofisi, alizitaka kabla ya Ijumaa. Kampuni moja ya kokoto ilikuwa inasubiri ramani zake.

Kazi yenyewe haina maajabu. Unafungua lile dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe, unaandika amri: geuza, jina la faili, toleo la pili. Faili mpya inatoka. Florian aligeuza tatu, na kila mara dirisha likamwonya kwamba rangi ya kumi na saba haina nafasi katika toleo jipya, hivyo imepewa iliyo karibu nayo. Onyo la namna hiyo mara mia mbili linachosha, tusidanganyane. Akaongeza kwenye amri neno la kunyamazisha maonyo, akazipeleka zote kwa mpigo, akaenda kunywa chai. Aliporudi akafuta zile za zamani, kama ilivyokuwa desturi ya ofisi, mtu asije akazitumia kwa makosa.

Toleo jipya linabeba rangi kumi na sita. Ya kumi na saba aliiongeza Mzee Baltazar, mchoraji wa kwanza wa ofisi ile, ambaye sasa amestaafu. Huku watu wanazika nyumbani. Baba analala nyuma ya nyumba, bibi kando ya mihogo, na shamba la namna hiyo mgeni halichukui kabla hajakaa chini na ukoo. Mzee Baltazar aliona wenye makampuni wanaliruka jambo hilo, akayapa mashamba yenye makaburi rangi yao, hudhurungi iliyofifia, ili hata mvivu wa kusoma aone. Katika toleo jipya, iliyo karibu nayo ni kijivu, na kijivu kwenye ramani ni ardhi isiyo na mtu.

Alhamisi asubuhi mama yake, Ghati, alipiga simu kutoka shambani kwake, nyuma ya Kiabakari.

"Florian, shamba limekuwa kijivu," alisema. "Mihogo, kuku, bati, vyote. Hata mimi."

"Hata wewe, mama?"

"Hata mikono. Nimeoga, haitoki. Jirani kaja kuazima jembe, kanipita hapa mlangoni mpaka nikamwita. Kaburi la baba yako nimelitafuta kwa kupapasa."

Florian alielewa papo hapo. Aliona aibu mpaka akakaa kwenye ngazi za ofisi na simu yake mkononi. Kisha akarudi ndani, akaigeuza faili ya kijiji chao irudi toleo la kwanza. Ilirudi vizuri, bila onyo lolote, pamoja na kijivu chake. Dirisha halikuwa na namna ya kujua kijivu kipi kilikuwa kijivu tangu mwanzo na kipi kilikuwa kaburi la mtu.

Mchana huo alipanda bodaboda hadi Bukima, kwa Mzee Baltazar. Alimkuta uani akianika dagaa, ingawa ilibidi mzee akohoe ndipo Florian amwone. Mama yake Mzee Baltazar alizikwa hapo hapo nyumbani, kwa hiyo na mzee alikuwa kijivu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umefuata rangi."

"Ndiyo, mzee. Nipe namba zake niiandike upya."

"Nilikuwaga nazo kwenye daftari, likaliwa na mchwa. Lakini sikuitoaga kichwani, ile. Nilichukua udongo wa kaburi la mama, nikauweka kwenye skana. Njoo uchote."

Walizunguka nyuma ya nyumba. Mzee akachota konzi moja, akafungua kiganja. Kijivu. Akachimba mpaka kiwiko, akatoa konzi nyingine, nayo ikawa vile vile.

"Basi," alisema, akakung'uta mikono, akarudi kwenye dagaa zake.

Ijumaa Florian alimwambia Madam Hilda kwamba ramani zina kosa. Madam Hilda si mtu mbaya. Aliweka kalamu chini, akasikiliza mpaka mwisho.

"Hilo kosa liko kwenye ramani au kwenye shamba?"

"Kwenye vyote viwili, Madam."

"Basi vinalingana. Mimi ningekuwa na wasiwasi kama visingelingana." Akamwambia Jumatatu afuatane na mpimaji wa kampuni hadi kijijini kwao, maana njia ya kule anaijua.

Mpimaji aliitwa Nicolaus. Alikuja na nyundo na furushi la vigingi. Ghati aliwakaribisha kutoka mlangoni, na Nicolaus akaitikia kwa adabu akiielekea sauti. Aliletewa maji, akanywa, akashukuru, akarudisha kikombe kule kilikotokea. Kisha akaangalia ramani, akaangalia shamba. Aliandika: hakuna makazi, hakuna makaburi.

"Huyo aliyekupa maji ni mama yangu," Florian alisema. "Na hapo uliposimama ni baba."

"Pole sana, ndugu yangu," Nicolaus alisema, na alimaanisha. Alisogea hatua moja pembeni. "Lakini hii ramani imesainiwa na nani?"

Akamwonyesha. Saini ilikuwa ya Florian. Alitamani ardhi ile ya kijivu impasukie.

Kigingi cha kona, kwa mujibu wa ramani, kilitakiwa kukaa pale pale Nicolaus alipokuwa amesimama mwanzo. Florian akapiga magoti, akakishika kwa mikono miwili kisimame wima, maana ndiyo kazi aliyotumwa. Nicolaus akainua nyundo.

"Mwambie asipige kwa nguvu," mama yake alisema, kutoka mahali fulani karibu na mihogo. "Hapo ni kifuani."

Florian akamwambia. Nicolaus akapiga polepole, na kwa hiyo ikachukua muda mrefu.