Mdhamini wa Mfenesi

Usiku wa jana niliota mfenesi wetu amekaa sebuleni, kavua mizizi mlangoni kama mtu avuavyo viatu.

"Shikamoo," nikamwamkia, maana ni mkubwa kuliko nyumba.

"Marahaba, Semeni. Baba yako yupo?"

"Amelala."

"Kesho fundi Mlinga anakuja na msumeno wa mashine kunigeuza vitanda. Umesikia?"

Nilikuwa nimesikia. Kwetu, mti uliogoma kuzaa haukatwi hivi hivi, kwanza hutishwa. Mwenye mti huja na panga, hugonga shina, hufoka: "Mwaka huu nakukata!" Hapo mtu wa pili hutoka mbio na kuuombea: "Mwache, namdhamini mimi." Mti husikia, huona haya, huzaa. Nyumbani baba alifoka, mama akaomba, na mafenesi yakajaa mpaka mizizini. Tangu mama afariki, baba hufoka peke yake. Hugonga, hunyamaza kidogo kama anayesubiri kitu, kisha huingia ndani kunywa chai. Na mfenesi haujazaa tena.

"Umekuja kuaga?" nikauliza.

"Nimekuja kunywa maji. Mengine utayaona."

Nikampa kikombe. Akachovya mzizi mmoja. Kikombe kikakauka, birika likakauka, na pipa la nje likapiga kwikwi.

Panga lilikuwa limeegemea ukuta. "Msinitazame mimi," likasema. "Kazi yangu ni kutisha tu. Kukata hasa niliwahi kukata muwa, na nilijisikia vibaya."

Naketi kwenye kochi. Kochi ni udongo. Nazama taratibu, wala sishangai. Nashikilia tu khanga yangu isifunuke.

Huko chini ni kupana kuliko juu. Mizizi ya mchungwa, mdalasini, mstafeli na mpera imeketi bega kwa bega, inapokezana maji kama wanawake wanavyopokezana masufuria msibani. Maji yanapanda. Sikujua kwamba maji yakipanda ndani ya mti yana sauti. Yanayo. Ni kama umati wa watu wanaosema "haya, haya" kwa sauti ya chini, bila kuchoka, tangu kabla sijazaliwa. Nikataka kupiga magoti, lakini nilikuwa nimeshafukiwa hadi kiunoni.

"Usitikisike," mpapai dume akanionya. "Umeshapandwa. Mche ukiyumbayumba haushiki."

"Mimi si mche."

"Sote tulianza kwa kusema hivyo."

Mfenesi akafungua shina lake kama mtu anayefungua kabati. Ndani, mafenesi yamepanga foleni kutoka chini hadi matawini, madogo kama vidole gumba, yameshaoga, yameshavaa vipele vyao vya kijani. Kila moja limekunja ndani yake harufu yote ya msimu mzima, na limeibana kwa adabu. Sijawahi kuona kitu kilichojaa kiasi kile kikakaa kimya kiasi kile.

La mbele likanichungulia. "Tumeitwa?"

"Bado," mfenesi akalijibu. Kisha akanigeukia. "Unaona? Si ugumba. Watoto wapo. Lakini mtu akinifokea na asitokee wa kuniombea, mimi nimeshahukumiwa. Nani azae akiwa amehukumiwa?"

Nikaona kazi hii naiweza. Maneno hayajawahi kunipiga chenga. Nikakohoa.

"Enyi miti adhimu, nasimama mbele yenu..."

"Umefukiwa, hukusimama," mpera akasema.

"...nikiwa mtetezi wa uhai na..."

"Anahutubia huyu!" mpapai dume akapayuka. "Mwanangu, hapa si mahafali."

Mizizi ikacheka. Udongo wote ukanitikisa meno.

"Mama yako hakuhutubia," mstafeli akasema. "Alitoka jikoni na mwiko mkononi, kilemba kimemlegea, akalia kilio cha uongo. Kilio kizuri! Hata mimi, ambaye sikutishwa na mtu, nilizaa."

"Alisema nini?"

Maji yakasimama katikati ya kupanda.

"Alisema: 'Mwache. Mwakani asipozaa, nikate mimi.'"

Juu ya ardhi maneno hayo yalikuwa mzaha. Majirani waliyacheka uani wakishika mbavu. Huku chini hakuna mzaha. Panga limeshateremka, limesimama nyuma yangu, linasafisha koo.

"Samahani, dada," likasema. "Ni utaratibu tu."

"Asipozaa, utanikata kweli?"

"Sijawahi kufika hatua hiyo. Ila nitajitahidi."

Naitazama ile foleni. Fenesi la mbele limejinyoosha ili lisikie vizuri. Naweka kiganja kwenye shina. Ni la moto kama paji la mtoto mwenye homa.

"Mwache," nasema. "Mwakani asipozaa, nikate mimi."

"Hatukusikia," anasema mpera.

"Mmesikia."

"Tumesikia maneno. Sema kama mtu anayemtaka."

Nasema tena, kwa sauti ya jikoni, sauti ya mtu aliyeacha ugali motoni. Kilio kinatoka, na changu si cha uongo.

"Haya," mfenesi akayaambia yaliyomo ndani yake. "Mmeitwa."

Foleni ikaanza kupanda. Yalipita chini ya kiganja changu moja baada ya jingine, na kila moja lilinigusa kutoka ndani ya ubao, taratibu, kama mtu anayekuamkia kupitia ukuta. Mdalasini ukaanza kunukia. Bustani nzima ikavuta pumzi, ikanivuta nami, ikaninyanyua mpaka kwenye mwanga.

Nikaamka. Kumekucha. Nje, panga linagonga shina: ko, ko, ko.

"Mwaka huu nakukata!"

Ni baba. Halafu kikafuata kile kimya chake.

Niliruka kitandani. Shuka likaja nami. Nilitoka mbio nikilikokota uani, miguu mitupu, kuku wakitawanyika.

"Mwache, baba! Mwakani asipozaa, nikate mimi!"

Baba aligeuka. Alinitazama usoni muda mrefu, kisha akalitazama shuka linaloburuzika mavumbini.

"Liachie basi hilo shuka."

"Halitoki."

Akalivuta. Halikutoka. Lilikuwa limegandana na kiganja changu chote. Akakiinua kiganja hadi puani, akanusa, akanusa tena, na panga likamponyoka likaanguka majanini.

"Semeni. Huu ni ulimbo wa fenesi. Tena mbichi."

"Ndiyo, baba."

Akautazama mti, kuanzia mizizi hadi kileleni, kama mtu aliyeitwa jina lake na asijue na nani.

"Mpigie Mlinga simu," akasema polepole. "Mwambie asije. Kisha uje na mafuta ya nazi nikupake. Sabuni haiutoi."